Berlin wakati wa baridi: safari ipangwe kwa kufuata jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wasomaji ambao kati ya Novemba na Machi hujikuta wana siku mbili za mapumziko karibu na mji wa Berlin, nao hawajui wazifanyie nini. Ni wengi kuliko inavyodhaniwa. Wapo wanafunzi wetu walioko Leipzig, Göttingen, Bayreuth na Hamburg. Wapo vijana wanaosomea uuguzi katika hospitali za Ujerumani. Wapo wazazi waliokuja kulea wajukuu. Wapo wakulima na wasafirishaji wa parachichi wanaohudhuria maonyesho ya matunda ya Fruit Logistica, ambayo hufanyika Berlin mwanzoni mwa Februari na kumalizika siku ya Ijumaa. Na wapo watu wa utalii wanaokuja kwenye maonyesho ya ITB mwanzoni mwa Machi. Wote hao wakiuliza, jibu wanalopewa na ndugu zao, na mara nyingi na kurasa za safari za magazeti, ni moja tu: ngojeni kiangazi.

Mimi naishi Leipzig, mwendo wa saa moja na robo hivi kwa treni ya kasi, na kila majira ya baridi napokea wageni wanaotaka kuuona mji huo. Jibu hilo silikubali. Anayengoja kiangazi mara nyingi haendi kabisa, kwa kuwa viza yake huisha, au mkataba wake, au mwana aliyemfuata humaliza masomo, na Julai inamkuta amekwisha kurudi Mwanza. Tena mwezi Januari foleni za makumbusho ni fupi na vyumba vya kulala hupatikana kwa bei ambayo mwezi Julai haisikiki. Kinachowaharibia watu safari ni kuchukua mpango uliotengenezwa kwa ajili ya Julai na kuutumia Januari kama ulivyo, kisha lawama zote zikaangukia baridi. Berlin ya Januari inataka mpango wake, na mpango huo unaanzia kwenye jua.

Katikati ya Januari jua la Berlin huchomoza yapata saa mbili na dakika kumi asubuhi na kuzama yapata saa kumi na dakika ishirini jioni. Karibu na Krismasi huzama hata kabla ya saa kumi kamili. Mji huo uko nyuzi 52 na nusu kaskazini ya Ikweta, wakati Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini, ambako tofauti ya urefu wa mchana kati ya Juni na Desemba haifiki saa moja. Kwa Mwislamu aliyezoea kuigawa siku kwa sala, jambo hilo halihitaji maelezo: adhuhuri huingia kama saa sita na robo, alasiri karibu saa nane, na magharibi saa kumi na dakika ishirini, yaani sala tatu zinaingia ndani ya saa nne hivi. Na hata huo mchana mfupi si lazima uwe na jua la kuonekana, kwa sababu wingu la kijivu linaweza kutanda siku kadhaa mfululizo, na ikifika saa tisa alasiri taa za magari zimekwisha kuwashwa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua tiketi, msafiri achukue karatasi na kuandika saa za siku zote mbili, kisha apige mstari kwenye saa nne asubuhi na mwingine kwenye saa tisa na nusu alasiri. Chochote cha kutazamwa nje kiingie katikati ya mistari hiyo. Chakula, maduka, ibada na kumbi za ndani vinaweza kukaa popote. Na kwa kuwa ratiba za kule huandikwa kwa mtindo wa saa 24, ambapo 15.30 ndiyo saa tisa na nusu yetu, ni salama zaidi kuandika saa zote mbili kwenye karatasi hiyo hiyo kuliko kuzigeuza kichwani jukwaani huku treni ikifunga milango.

Wikiendi yenyewe nayo ichaguliwe kwa makini, maana hazifanani. Zile za Desemba kabla ya Krismasi zina masoko ya Krismasi yenye taa na vyakula vya moto, nayo yanapendeza, ila mji hujaa na malazi hupanda bei. Tangu mchana wa tarehe 24 Desemba hadi mwisho wa tarehe 26 maduka hufungwa, na saa za makumbusho mengi hubadilika. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya fataki hulipuliwa na watu wa kawaida barabarani, kila kona, na kwa mtu aliyefuatana na mtoto mdogo au mzazi mwenye presha siushauri usiku huo hata kidogo. Katikati ya Januari huanza Wiki ya Kijani, maonyesho makubwa ya kilimo na vyakula yaliyoanzishwa mwaka 1926, na katikati ya Februari huja tamasha la filamu la Berlinale. Yote mawili huvuta wageni wengi hotelini. Nafasi nzuri hubaki baada ya Mwaka Mpya, kabla Wiki ya Kijani haijaanza, na nyingine mwishoni mwa Januari. Msafirishaji wa parachichi hana uchaguzi huo, kwa kuwa tarehe zake zimekwisha kupangwa na maonyesho, lakini ana faida nyingine: wakati wake jua huzama karibu saa kumi na moja kasoro dakika tano, na hiyo nusu saa ya ziada ni mali kwa hesabu za kule.

Kuhusu mavazi, wengi wetu hununua koti moja kubwa na kuliachia kazi yote. Mchana wa Januari joto huwa nyuzi chache tu juu ya sifuri, na usiku hushuka chini yake, lakini ndani ya majengo hita huwaka mchana kutwa. Mtu aliyevaa koti zito juu ya fulana nyepesi hutokwa na jasho ndani na kutetemeka nje, siku nzima. Inafaa fulana ya joto inayobana mwili, juu yake sweta, kisha koti la wastani lisilopitisha upepo, ili kila anapoingia mahali aweze kuvua moja na kubaki amevaa kwa heshima. Viatu ndivyo vya kutolea fedha. Njia za waenda kwa miguu huganda barafu, na wenye nyumba humwaga juu yake changarawe ndogo ambazo hukwaruza chini ya soli majira yote. Raba za kitambaa zikilowa hapo saa nne asubuhi hazikauki mpaka usiku. Anayetoka Dar es Salaam wala hana haja ya kuja kununua koti jipya Ulaya, kwa kuwa makoti mazuri ya sufu yananing'inia kwenye soko la mitumba la Karume kwa bei ya kubembelezana, na mengine yalikwisha kuvaliwa Ujerumani hii hii.

Jambo dogo ambalo vitabu vya safari hulisahau ni sarafu. Makumbusho mengi hayaruhusu begi la mgongoni wala koti lililobebwa mkononi kuingia ukumbini. Vitu hivyo huwekwa kwenye kabati la kufuli ambalo mara nyingi hutaka sarafu ya euro moja au mbili, nayo hurudi ukifungua. Wakati wa kiangazi mgeni anaweza kupita bila kulijua kabati hilo. Wakati wa baridi, akiwa na koti, kofia, skafu na glavu, hana pa kukwepea, na mwenye kadi ya benki peke yake huishia kusimama pembeni akiomba chenji kwa wapita njia.

Sasa nije kwenye ratiba. Anayefika Ijumaa jioni hukuta giza, na wengi huona siku hiyo imekwisha wakaenda kulala. Hapo ndipo ninapowashauri waweke kuba ya kioo iliyo juu ya jengo la Bunge, Reichstag, kazi ya msanifu majengo Norman Foster iliyofunguliwa mwaka 1999. Kuingia ni bure, lakini sharti kujiandikisha mapema kwenye tovuti ya Bunge kwa kutaja jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mgeni, na mlangoni huonyeshwa pasipoti. Nafasi za mwisho wa wiki huisha siku kadhaa kabla, na zipo wiki ambazo kuba hufungwa kwa usafi na matengenezo, kwa hiyo tovuti isomwe kwanza. Wageni wa mwisho huingia karibu saa nne usiku. Mji ukiwa gizani, taa zake huonekana pande zote kutoka kule juu vizuri kuliko mchana wa wingu. Koti lisivuliwe, maana kuba iko wazi kileleni na upepo hupita.

Usafiri wa ndani ni rahisi, ila una mtego mmoja. Tiketi ya karatasi inayonunuliwa kituoni kwa kawaida hugongwa muhuri kwenye kisanduku chekundu au cha njano kilichosimama jukwaani, kabla ya kupanda. Hakuna geti, hakuna kondakta, na mgeni hudhani kila kitu ni sawa mpaka abiria mwenzake aliyevaa jinzi atoe kitambulisho cha ukaguzi. Faini ni euro 60, na kusema hukujua hakupunguzi hata senti. Anayetua uwanja wa ndege wa BER akumbuke kuwa uwanja huo uko kanda ya C, hivyo tiketi ya kanda za A na B haimtoshi kufika mjini. Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi treni nyingi za chini ya ardhi hukesha, kwa hiyo hakuna haja ya kukimbilia hoteli mapema.

Jumamosi nawaomba wasomaji waianzie kwenye makumbusho ya viumbe na elimu ya asili, Museum für Naturkunde, mtaa wa Invalidenstraße, kwenye kituo cha Naturkundemuseum cha treni ya U6. Mwisho wa wiki hufunguliwa saa nne asubuhi, na inafaa kuwa mlangoni saa hiyo hiyo kabla familia zenye watoto hazijajaa. Ukumbi mkuu una paa la kioo, hivyo mwanga kidogo wa asubuhi huingia kutoka juu, na chini yake amesimama mjusi wa Tendaguru, kimo cha mita 13.27, mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani.

Tendaguru ni kilima cha mkoani Lindi, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini. Kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho hayo yaliendesha uchimbaji huko, chini ya mwanasayansi Werner Janensch na wenzake, lakini waliochimba, waliosafisha, waliofungasha na waliobeba walikuwa wenyeji kwa mamia, na msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilibebwa kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zikapakiwa melini. Tukumbuke kuwa Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907 tu, na watu wa kusini walikuwa wametoka kwenye njaa iliyoletwa na uchomaji wa mashamba na maghala yao. Mjusi mwenyewe alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Mjadala wa kumrudisha umefika bungeni Dodoma zaidi ya mara moja, nami sitauingia katika barua hii. Nasema tu kwamba Mtanzania anayefika Berlin, akapiga picha kwenye Lango la Brandenburg, akaondoka bila kumwona mjusi wa Lindi, amefanya safari iliyopangiwa mtu mwingine.

Muda wa kukaa humo usibanwe. Mgeni wangu mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Masasi, hakutazama juu kama wafanyavyo wengi. Alisimama mbele ya mguu wa mbele wa mjusi, ambao mfupa wake wa juu peke yake una zaidi ya mita mbili, akawa anaukadiria kwa mikono yake, kisha akauliza mfupa kama ule ulihitaji wapagazi wangapi na walikuwa wanalala wapi njiani. Tulitafuta majibu kwenye vibao na hatukuyamaliza, na mpango wa saa moja ukawa wa saa mbili. Ziwekwe saa mbili tangu mwanzo.

Ukitoka hapo, panda tramu vituo vichache, au tembea kama dakika ishirini, mpaka Brunnenstraße namba 193. Mbele ya nyumba hiyo limepachikwa chini, kati ya mawe ya njia, jiwe dogo lenye uso wa shaba nyeupe inayoelekea manjano, upana wa sentimita kumi, lililowekwa mwaka 2007 kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na akiwa bado mtoto akaingizwa katika jeshi la Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo baba yake na yeye hawakulipwa. Hakulipwa. Akabaki, akawa mhudumu wa mkahawa, akaigiza katika filamu, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu, katika mji ambamo miaka michache kabla yake alikuwa amefariki Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, naye mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1941 utawala wa Wanazi ulimkamata Husen kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu, na tarehe 24 Novemba 1944 alifia katika kambi ya Sachsenhausen. Theluji ikianguka jiwe hufunikwa, na atakayelitafuta itambidi alifute kwa kiatu au kwa glavu. Ndiyo maana nasema liangaliwe mchana, kwa maana usiku hata mwenye anwani anaweza kulipita.

Kambi ya Sachsenhausen yenyewe iko Oranienburg, kaskazini ya Berlin, na inafikika kwa treni ya S1. Simshauri mtu aiingize katika wikiendi ya Januari. Ni uwanja mpana, wa wazi, unaohitaji saa kadhaa na utulivu wa moyo, na ukiubana kati ya mambo mengine unakula mchana wote wa siku moja bila kuutendea haki.

Kutoka kwenye jiwe la Husen, ukifuata mtaa huo huo kwenda kaskazini unafika Bernauer Straße, ambako kipande cha Ukuta wa Berlin kimehifadhiwa mahali pake. Hakuna kiingilio, na ng'ambo ya barabara kuna jengo la maelezo lenye joto ambamo mtu anaweza kujipasha. Ni mahali pazuri kuliko kipande maarufu cha East Side Gallery, ambacho kina urefu wa kilomita 1.3 kando ya mto na mwezi Januari hakina pa kujificha upepo. Kisha, kwenye kituo cha Bernauer Straße, panda treni ya U8 moja kwa moja hadi Hermannplatz, na ikiwa mpango umefuatwa itakuwa bado saa nane na nusu.

Karibu na Hermannplatz upo mtaa ambao kwa miaka mingi uliitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, yule aliyevunja upinzani wa watu wa pwani yetu na ambaye majeshi yake yalimnyonga Abushiri bin Salim huko Pangani mwezi Desemba 1889. Tangu mwaka 2021 unaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa uwaziri katika nchi yetu. Ni mtaa wa kawaida wenye nyumba za ghorofa na baiskeli zilizofungwa kwenye vyuma, hauna mnara wala kiingilio, na picha chini ya kibao chake hutumia dakika mbili. Kutoka hapo giza likiingia mtu ageukie Sonnenallee, barabara iliyojaa mikahawa ya Wasyria, Walebanoni na Wapalestina, ambako wali, kuku wa kuchoma na mkate wa moto hupatikana kwa bei ya mwanafunzi na nyama ya halali haihitaji kuulizwa mara mbili. Mikahawa mingine hupokea fedha taslimu tu.

Zawadi za nyumbani zinunuliwe jioni hiyo hiyo ya Jumamosi. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa kwa sheria, na Berlin nayo imo, isipokuwa Jumapili chache za mwaka zilizoruhusiwa na maduka machache yaliyo ndani ya vituo vikubwa vya treni. Wageni wetu waliozoea Kariakoo, ambako Jumapili ni siku ya biashara kama nyingine, hulisikia jambo hili na kulidharau, halafu wanaondoka na chokoleti za kituoni.

Jumapili asubuhi, Mkristo anayependa anaweza kuhudhuria ibada ya saa nne katika kanisa kuu la Kiprotestanti, Berliner Dom, ambalo mtalii hulilipia kiingilio lakini mwenye kuja kusali hatozwi. Baada ya hapo mwanga bado unatosha kwenda Wedding, kwa treni ya U6, kituo cha Afrikanische Straße. Eneo lile huitwa Mtaa wa Kiafrika, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kuweka karibu yake bustani ya kuonyeshea wanyama na watu wa makoloni. Vita vilizima mradi, lakini majina ya Kiafrika ya mitaa yapo hadi leo: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße. Barabara iliyobeba jina la Carl Peters, ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, ilibadilishwa Agosti 2024, na sehemu yake moja sasa ni Maji-Maji-Allee. Kutembea hapo polepole huchukua saa moja, na kwa familia yenye watoto ni saa ya maswali mengi, hasa pale mtoto wa Tanga anaposoma jina la mji wake kwenye nguzo yenye barafu.

Treni hiyo hiyo ya U6 hukurudisha katikati ya mji, kituo cha Unter den Linden. Kabla mchana haujaisha, tembea hadi Wilhelmstraße namba 92, ambako kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885 wajumbe wa mataifa ya Ulaya, Marekani na dola la Waturuki walikaa kuzungumza juu ya Afrika bila Mwafrika hata mmoja. Kasri walimokutania halipo tena. Kuna kibao cha maelezo na nyumba za kuishi watu. Lango la Brandenburg liko mwendo mfupi kwa miguu, nalo lipigwe picha sasa. Aliyechoka apande basi namba 100, la ghorofa, akae juu mbele kabisa, na kwa tiketi ile ile ya kawaida atazungushwa kwenye majengo mengi ambayo mabasi ya watalii huyatoza fedha nyingi, huku miguu ikipata joto. Jioni imalizikie Humboldt Forum, lililojengwa upya kwa umbo la kasri la wafalme na kufunguliwa mwaka 2021, ambamo zimo mali nyingi zilizochukuliwa Afrika, zikiwemo za kwetu. Jumapili hubaki wazi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, saa mbili nzima baada ya jua kuzama. Siku yake ya kufungwa ni Jumanne, wakati makumbusho mengine mengi ya mji hufungwa Jumatatu, jambo la kuzingatiwa na anayetaka kuongeza siku.

Kwa kurudi, asiwekewe mtu treni ya mwisho ya usiku. Theluji na barafu huchelewesha treni, na aliyekosa ya mwisho hulala kituoni. Wanafunzi wenye tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023, wanaweza kuitumia kwenye treni za mikoa na hata ndani ya Berlin, ila haikubaliki kwenye treni za kasi. Kutoka Leipzig safari huwa ya saa mbili na nusu au tatu badala ya saa moja na robo, na kwa mwenye bajeti ya mwanafunzi ni biashara nzuri.

Namalizia kwa ombi kwako, Mhariri. Makala za safari zinapochapishwa, ziandikwe zilifanyiwa utafiti mwezi gani na mwaka gani. Hadi leo nasoma mapendekezo ya kwenda Pergamonmuseum, ambalo limefungwa kabisa tangu Oktoba 2023 na linatarajiwa kufungua sehemu yake mwaka 2027. Na nasoma kuhusu Jumapili ya kwanza ya mwezi kuwa ya bure katika makumbusho ya Berlin, mpango uliosimamishwa mwishoni mwa mwaka 2024. Msomaji mwenye siku mbili na saa nane za mchana kwa kila siku akipoteza saa moja mbele ya mlango uliofungwa, hana pa kuifidia. Na kama nafasi ipo, pembeni ya makala ichapishwe saa ya jua kuchomoza na kuzama katika mji unaozungumziwa, kama mnavyochapisha nyakati za sala wakati wa Ramadhani.

Wako msomaji,
Leipzig, Ujerumani